Kituo cha Basi na Ardhi Inayokizunguka

Hotuba kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mpepai, Mbinga



Mkulima wa kahawa atokaye Mpepai kwenda Dar es Salaam husafiri yapata kilomita 1,000 ndani ya basi. Hupita Songea, Njombe, Makambako, Iringa na Morogoro, na tangu mwaka 2021 hushukia Mbezi Luis, kilipofunguliwa kituo kikuu kipya cha mabasi ya mikoani. Kabla ya mwaka huo alishukia Ubungo. Hapana shaka wazee wengi wa ushirika wanaikumbuka Ubungo ya wakati huo: wapiga debe, wachukuzi, gesti za abiria wa alfajiri, mama lishe na chai yao, vibanda vya soda na mikate. Mabasi yalipohamishwa, riziki iliyomtegemea abiria wa mikoani nayo ilihama, ama ilikatika. Uwanja wenyewe hatimaye ulijengwa kituo kikubwa cha biashara, kilichozinduliwa mwaka 2025.

Habari hiyo ya Ubungo yaweza kuonekana kuwa ya mbali. Si ya mbali. Barabara ya lami ilitoka Songea ikafika Mbinga, kisha ikateremka hadi Mbamba Bay, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Penye lami basi husimama, na basi linaposimama kila siku mahali pamoja, bei ya kiwanja cha mahali hapo hupanda kabla hata tofali la kwanza halijafyatuliwa. Vyama vingi vya msingi vina ghala, ofisi au uwanja mtupu mahali kama hapo, kwa kuwa waasisi wa ushirika walichagua njia panda ili mkulima afike kwa urahisi na mzigo wake. Ardhi iliyopatikana kwa ajili ya gunia la kahawa sasa inatazamwa kwa macho mengine. Kwa hiyo swali linalovihusu vyama ni hili: kituo kinapojengwa, ardhi inayokizunguka itatumiwaje, na faida yake itamfikia nani?

Yafaa kuitazama Dar es Salaam, ambako swali hilo limejibiwa vizuri mahali pengine na vibaya mahali pengine. Mwezi Mei 2016 yalianza kazi mabasi yaendayo haraka, ambayo wananchi waliyapa jina la mwendokasi. Awamu ya kwanza ilikuwa na urefu wa yapata kilomita 21, kutoka Kimara kwa Barabara ya Morogoro hadi Kivukoni, pamoja na tawi la Morocco na tawi la Gerezani, Kariakoo. Basi lilipewa njia yake katikati ya barabara, ambamo magari mengine hayaruhusiwi. Abiria hulipa nauli kabla ya kupanda, na sakafu ya kituo imeinuliwa ilingane na sakafu ya basi, hata mzee mwenye mkongojo akaingia bila kupanda ngazi. Nauli ya njia kuu ilipoanza ilikuwa shilingi 650. Jiji lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018 kwa ajili ya kazi hiyo, na awamu ya pili, ya Barabara ya Kilwa hadi Mbagala, ilianza kutoa huduma mwaka 2025.

Lakini pamoja na sifa zote hizo, foleni za abiria vituoni zilikuwa habari ya kila siku kwa miaka mingi. Upungufu wa mabasi ulikuwa sababu moja. Iko sababu nyingine ambayo haiondoki hata mabasi yakiongezwa, na katibu yeyote aliyewahi kukodi lori ataielewa mara moja. Lori linalopeleka kahawa Mbinga na kurudi tupu hukilipisha chama safari mbili kwa mzigo mmoja. Lile linalorudi na mbolea hulipisha nusu ya gharama kwa kila upande. Mabasi ya Kimara yako katika hali ileile. Ofisi, maduka makubwa na hospitali nyingi ziko upande wa mjini, na makazi yako upande wa pili. Asubuhi watu wote huelekea upande mmoja, na basi lililojaa hadi mlangoni hurudi Kimara likiwa na viti vitupu. Jioni huwa kinyume chake. Endapo soko, zahanati, benki, ofisi na karakana vingekuwa pia karibu na vituo vya pembeni, basi lingebeba watu kwenda na kurudi, na watu wengi wasingekuwa na haja ya kupanda basi kabisa, maana wanachokihitaji wangekifikia kwa miguu.

Hilo ndilo ambalo wataalamu wa mipango miji huliita matumizi mchanganyiko ya ardhi yanayozunguka kituo. Neno ni jipya kuliko jambo lenyewe. Nchini Brazili mji wa Curitiba ulianza kulifuata mapema. Mpango wake mkuu ulipitishwa mwaka 1966, na mwaka 1974 mabasi yakaanza kupita katika njia zake pekee. Majengo marefu yaliruhusiwa kandokando ya njia hizo, na kadiri mtu anavyosogea mbali nazo ndivyo majengo yanavyopungua kimo. Ghorofa za chini ziliwekwa kwa ajili ya maduka na huduma, za juu kwa makazi na ofisi. Kwa njia hiyo mabasi yalipata abiria, nayo maduka yakapata wateja.

Hata hivyo hakuna haja ya kwenda Brazili kujifunza yale ambayo pwani ya Tanzania imeyajua kwa vizazi. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilikuwa na baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Mwenye nyumba aliishi chumba kimoja na kupangisha vingine. Chumba cha mbele kikawa duka au cherehani ya fundi. Barazani mtu aliuza vitumbua. Riziki, makazi na mazungumzo vilikuwa chini ya paa moja, na mteja alikuwa mpita njia. Nyumba hizo nyingi zimekwisha kuvunjwa na ghorofa ndefu zimesimama mahali pake, lakini desturi ya duka chini na watu juu haikuvunjwa.

Ushirika nao una mfano wake. Chama Kikuu cha KNCU, kilichoundwa mwaka 1933, kilijenga jumba lake katikati ya mji wa Moshi, ambamo mlikuwa na ofisi za chama, maduka yaliyopangishwa chini, na nyumba ya wageni katika ghorofa za juu. Mkulima aliyeshuka kutoka mlimani kwa shughuli ya kahawa aliweza kumaliza shughuli zake bila kuzunguka mji mzima, naye mpangaji wa duka alikilipa chama kodi hata miezi isiyo ya kahawa. Jambo hilo la mwisho lizingatiwe sana. Chama kinachotegemea ushuru wa zao moja hupata fedha kwa miezi michache na hulipa mishahara kwa miezi 12.

Na kwa wakazi wa milima ya Umatengo, mpangilio wa namna hiyo ni wa nyumbani kabisa. Katika ntambo, kipande cha mlima kilichopakana na vijito, familia huwa na nyumba na kahawa karibu, ngolo za mahindi na maharage mtelemkoni, miti juu, na maji chini. Kila kitu hufikiwa kwa miguu. Hakuna aliyewahi kuweka shamba lote upande mmoja wa wilaya na nyumba zote upande wa pili, kisha akatafuta basi la kumvusha kila asubuhi. Miji ndiyo iliyofanya hivyo.

Sasa miguu yenyewe. Mtu mzima mwenye afya hutembea nusu kilomita kwa dakika sita au saba, na hicho ndicho kipimo cha kawaida cha eneo linalohesabiwa kuwa la kituo. Zaidi ya hapo watu huanza kutafuta bodaboda. Lakini nusu kilomita ya ramani si nusu kilomita ya nchi. Ikiwa kati ya kituo na duka pana mtaro usio na daraja, ama ukuta mrefu usio na mlango, ama uwanja wa malori unaobidi kuzungukwa, duka hilo liko mbali hata kama linaonekana kwa macho. Mbinga, mahali penye mvua nyingi na milima, mtelemko wa udongo mwekundu wakati wa masika huongeza umbali maradufu kwa mama aliyebeba mzigo kichwani. Ujenzi wa njia yenye changarawe, ngazi chache na mfereji wa kupitishia maji hugharimu kidogo sana ukilinganishwa na jengo, lakini mara nyingi ndicho kitu kinachosahauliwa katika michoro yote.

Kuhusu jengo lisilofuata miguu, Dar es Salaam imetoa somo la gharama kubwa. Jengo la Machinga Complex lilijengwa Ilala kuelekea mwaka 2010, kwa fedha za mkopo, ili wafanyabiashara wadogo waondoke barabarani na kupata vizimba vya kudumu. Nia ilikuwa njema. Wafanyabiashara wengi walivikimbia vizimba hivyo, hasa vya juu, kwa sababu mteja hakupita hapo. Mteja wa machinga ni yule anayekwenda zake kituoni na kununua njiani, hapandi ngazi kutafuta soksi. Vizimba vikakaa vitupu na deni likaendelea kukua. Kamati ya chama inayofikiria kukopa kwa ajili ya jumba la biashara yafaa ilitazame jengo hilo kabla ya kuitazama michoro ya mkandarasi.

Mahali pa kujenga ni jambo la pili. Karakana ya mabasi yaendayo haraka iliwekwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, ambalo hufurika. Mafuriko yaliingia karakanani zaidi ya mara moja, yakaharibu mabasi na kuisimamisha huduma, hata ikabidi ihama yake iingizwe katika mradi mkubwa wa kulitengeneza bonde lote. Watu wa ngolo hawahitaji kufundishwa kwamba maji hukumbuka njia yake. Kiwanja cha bei nafuu bondeni karibu na stendi huwa nafuu kwa sababu.

Jambo la tatu ni hifadhi ya barabara. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa ili kuipanua Barabara ya Morogoro, kwa maelezo kwamba zilikuwa ndani ya hifadhi. Watu walipoteza nyumba walizoishi miaka mingi, na mabishano kuhusu haki yao yalidumu. Chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni meta 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Hapo kabla ilikuwa meta 22.5. Maana yake ni kwamba ghala la chama lililojengwa kihalali zamani laweza leo kuwa na pembe ndani ya hifadhi. Kamba ya kupimia haina gharama, na ni aibu kwa chama kuwa na hati kabatini ambayo hakuna mjumbe aliyewahi kuisoma pamoja na mpimaji.

Kwa upande wa mazuri, Magomeni yafaa kutajwa. Hapo, karibu na vituo vya mabasi yaendayo haraka, palikuwa na nyumba za kota za zamani. Zilivunjwa, na baada ya miaka ya kusubiri, ghorofa mpya zilizinduliwa mwezi Machi 2022 kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi hapo. Wapo waliolalamika kwamba kusubiri kulikuwa kurefu, na haki yao kulalamika. Lakini jambo la msingi lilitimizwa: ardhi iliyopanda thamani kwa sababu ya barabara ya umma haikuwafukuza watu waliokuwa juu yake. Mahali pengi duniani kituo kipya huleta kodi kubwa, na mpangaji maskini, ambaye ndiye abiria hasa wa basi, husukumwa mbali hadi kituo hakimfai tena.

Hapo ndipo ushirika una neno la kusema kuliko mtu yeyote. Thamani ya kiwanja kilicho karibu na stendi haikuongezwa na mwenye kiwanja. Imeongezwa na lami iliyolipiwa na kodi za wananchi, pamoja na miguu ya maelfu wanaopita. Mtu binafsi akikishika kiwanja hicho, nyongeza ni yake. Chama kikikishika, nyongeza hiyo hurudi kwa wanachama, endapo hakitakiuza. Wanaushirika wa Tanzania wanajua uchungu wa kupoteza majengo. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa na mali zake zikaingia mikononi mwa mashirika ya mazao. Vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Kisha katika miaka ya 1990 vingi vikalemewa na madeni na majengo yakaenda. Kiwanja kinachouzwa leo kwa ajili ya kuziba pengo la msimu mmoja hakitanunulika tena kwa bei ambayo chama chaweza kuilipa.

Pendekezo ambalo hufika mara kwa mara mbele ya kamati za vyama ni la mtu mmoja mwenye fedha anayetaka kukodi kiwanja chote kwa miaka mingi, ama kwa kituo cha mafuta, ama kwa maegesho ya malori. Fedha ya mkupuo hupendeza. Lakini ichukuliwe mfano wa kiwanja cha meta 40 kwa 60. Hayo ni meta za mraba 2,400. Gari dogo moja, pamoja na nafasi ya kugeuka, huhitaji yapata meta za mraba 25, na lori huhitaji zaidi sana. Kiwanja hicho kingejaa kwa magari yasiyofika mia, ambayo dereva wake hununua soda moja na kuondoka. Chumba cha duka cha meta tatu kwa tano huchukua meta za mraba 15. Hata nusu ya kiwanja ikiachwa kwa njia, kivuli, vyoo na ghala la chama, inayobaki yatosha vyumba vingi vya fundi cherehani, duka la pembejeo, duka la dawa, mashine ya kusaga, mgahawa, ofisi ya akiba na mikopo, na juu yake vyumba vya wageni wanaolisubiri basi la alfajiri. Mpangaji mmoja akishindwa, wengine wapo. Kituo cha basi kikihamishwa, kama cha Ubungo kilivyohamishwa, fundi, mashine na duka la dawa bado vina wateja wake miongoni mwa wakazi.

Haifai kuficha kwamba njia hii ina kazi. Wapangaji 20 ni daftari 20, na katibu asiyeweza kufunga hesabu za kahawa kwa wakati hataweza kufunga za kodi ya pango. Kamati inayowapangishia ndugu zake kwa bei ya chini itakuwa imeuza kiwanja kwa njia ya siri. Mama lishe aliyekuwapo kabla ya jengo asipopewa nafasi ya bei anayoiweza, atarudi kuuza mlangoni, na chakula chake kitampita mpangaji wa mgahawa kwa wateja; ni afadhali nafasi yake ichorwe tangu mwanzo, yenye paa, maji na mahali pa kumwaga maji machafu. Vyoo viwe vya kulipiwa na visafishwe kila siku, maana stendi isiyo na choo hukaribisha magonjwa kwa wote, wenye duka na wasio nalo.

Kuhusu taratibu, chama hakiwezi kuamua peke yake. Mahali penye mpango wa mji, matumizi ya kiwanja huamuliwa kwa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na kiwanja kilichoandikwa kuwa cha ghala hakigeuki kuwa cha biashara na makazi mpaka halmashauri ikubali. Mahali palipo ardhi ya kijiji, ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji husika. Kwa upande wa ushirika, sheria ya mwaka 2013 inataka mkutano mkuu upitishe ukomo wa madeni, nao upate kibali cha Mrajis, kabla chama hakijakopa. Makatibu wengine huuona utaratibu huu kuwa kikwazo. Umezuia vyama kadha wa kadha visiingie katika shimo, na muhtasari wa mkutano ulioandikwa vizuri huuharakisha kuliko safari tatu za kwenda kulalamika ofisini.

Kabla ya mchoro, kabla ya mkopo na kabla ya barua kwenda halmashauri, iko kazi moja ambayo chama chaweza kuianza bila kibali cha mtu. Katibu au mjumbe mmoja akae penye kiwanja cha chama na daftari, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, siku ya gulio, siku ya kawaida na siku ya Jumapili. Mara moja wakati wa msimu wa kahawa na mara moja wakati wa masika. Aandike ni watu wangapi wanapita kwa miguu, wanatoka upande gani, wamebeba nini, wanasimama wapi, na ni wapi wanapolazimika kuzunguka. Awaulize wachache walichokwenda kukitafuta mjini ambacho wangekinunua hapo. Daftari hilo lisomwe mbele ya mkutano mkuu, hesabu kwa hesabu, na mwanachama yeyote aruhusiwe kulikosoa. Mchoraji wa ramani apewe nakala yake siku ya kwanza ya kazi.